Iso inaua ofensi au sisi ndo hatujui kuhesabu? Wapenda kikapu wa Nyanda za Juu Kusini njooni hapa

Mwana Soweto (Mbeya)

Kamwene kwa wa Iringa, ndaga kwa wa Rungwe, wengine wote salama.

Naomba leo tuongelee iso (isolation, yaani mwenye mpira anaachiwa nafasi acheze peke yake na beki wake), maana huku Mbeya kila tukimaliza mazoezi ugomvi ni huohuo. Nusu ya watu wanasema mtu akipewa mpira wenzake wakampisha, wakabaki yeye na beki wake, hicho ndo kikapu chenyewe. Nusu wanasema ni ubinafsi unaoua timu. Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: iso yenyewe haina shida, shida ni iso ya mapema. Umeshuka na mpira, sekunde 20 bado zipo kwenye saa ya kurusha, wenzako wanne wamesimama, unaanza kudunda kushoto kulia kushoto kulia mpaka unarusha la pointi mbili la mbali na mkono wa mtu usoni, hapo umeinyima timu shuti nzuri ambayo ilikuwa bado inatafutika. Lakini zimebaki sekunde 6, mpango umeshavunjika, hakuna aliye wazi, hapo mtu anayeweza kujitengenezea shuti mwenyewe ni mali.

Twende kwenye hesabu sasa. NBA shuti ya mbili ya umbali wa kati wengi wanaingiza kama 4 katika kila 10, kwa hiyo kila ukirusha unategemea pointi 0.8. Ya tatu wastani wa ligi ni kama asilimia 36, ukizidisha kwa tatu unapata 1.08. Chini ya ringi wanaingiza kama asilimia 65, hiyo ni 1.3. Mitupo huru miwili kwa ligi inayoingiza asilimia 78 inakupa 1.56, hakuna shuti ya kawaida inayofikia hapo. Na timu ya wastani msimu wa 2023/24 ilikuwa inapata kama pointi 1.15 kwa kila shambulio. Ukichukua sasa mashambulio yaliyoishia kwenye iso kwa ligi nzima unakuta chini ya pointi 1. Mtu akikata kwenda ringini akapewa pasi ni juu ya 1.2. Kwa hiyo unaposema "mpeni mpira mwacheni" ujue unaanza ukiwa umeshapungukiwa.

Karibuni, ila tubishane kwa hoja.

Mnyalukolo (Iringa)

Mkuu umeandika vizuri ila mi hizi hesabu ndo zinanitia hasira kila siku. Kikapu sio duka la rejareja. Januari 22, 2006 Kobe Bryant kaweka 81 kwa Toronto, unafikiri alikuwa anasubiri nani akate ringini? Lakers walikuwa nyuma, wenzake hawafungi, jamaa kachukua mpira kamaliza kazi. Ungemwambia siku ile "kaka sekunde 18 bado zipo zungusha mpira kwanza" wangefungwa. Na 2016 siku anastaafu kaweka 60 na Lakers wakashinda. Mtu mwenye kipaji hicho unampa mpira unakaa pembeni, basi.

Mwana Soweto (Mbeya)

Kaka nashukuru umezileta hizo mechi mbili maana ndo mfano ninaoupenda kuliko yote, watu wanazitaja pamoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Siku ya 81 Kobe alirusha 46 akaingiza 28, za tatu aliingiza 7 katika 13, mitupo huru 18 katika 20. Kuna namna ya kujumlisha vyote hivyo upate picha moja, unachukua shuti alizorusha, unaongeza mitupo huru ukiwa umeizidisha kwa 0.44 (sio nusu kamili, kwa sababu mingine ni ule mmoja wa nyongeza baada ya kikapu kuingia na faulo juu, mingine ya faulo za kiufundi, na mingine inakuja mitatu). Kwa Kobe inatoka majaribio 54.8. Gawanya 81 kwa hiyo unapata pointi 1.48 kwa kila jaribio. Hiyo ni balaa, yaani kila akigusa mpira ilikuwa bora kuliko karibu chochote ambacho kocha angechora.

Siku ya 60 alirusha 50, akaingiza 22, za tatu 6 kati ya 21, mitupo huru 10 kati ya 12. Fanya hesabu ileile inatoka kama 1.09. Na hapa wale wanaomponda Kobe nao wasikilize: hiyo 1.09 ni karibu sawasawa na wastani wa ligi nzima msimu ule wa 2015/16. Kwa hiyo shuti 50 ambazo watu wanazisema mpaka leo hazikuwa uharibifu, zilikuwa ofensi ya kawaida kabisa iliyobebwa na mzee wa miaka 37. Sasa bila hesabu ungejuaje? Ungebaki na 81 na 60, moja kubwa nyingine ndogo kidogo.

Na game 7 ya fainali 2010 dhidi ya Boston, Kobe 6 katika 24, pointi 23. Kwa hesabu hiyohiyo ni 0.75. Walishinda 83 kwa 79, ila walishinda kwa difensi na ribaundi, yeye mwenyewe aliokota 15. Siku ile iso iliwagharimu, pete ya ubingwa haifuti hilo.

Baridi ya Njombe (Njombe)

Habari zenu kaka zangu. Naomba niingie kidogo maana kuna kitu mmekiruka wote wawili na kwangu ndo penye utamu.

Hiyo "iso inatoa chini ya pointi 1" inahesabuje? Kwenye takwimu za aina za mashambulio, shambulio linaandikwa iso likiisha kwa yule mwenye mpira mwenyewe, yaani arushe, achezewe faulo, au apoteze mpira. Akimpita beki wake, beki wa pili akaja kusaidia, yeye akatoa pasi kona mwenzake akarusha la tatu akiwa peke yake, hilo linaenda kwenye hesabu ya aliyerusha kona, iso haipati kitu. Sasa fikirieni, zile bora kabisa zilizozaliwa na iso zinatolewa kwenye fungu, zinabaki zile ambazo jamaa alikwama akarusha mwenyewe, afu tunasema fungu ni baya!

Mfano wangu ni James Harden msimu wa 2018/19. Alikuwa anamaliza iso zaidi ya 16 kwa mechi, mtu mmoja, na alikuwa anapata kama pointi 1.1 kwa kila moja. Alimaliza msimu na wastani wa pointi 36.1. Kwa nini aliweza wakati wengine hawawezi? Kwa sababu hakuwa anarusha yale ya mbili ya mbali anayoyalalamikia Mwana Soweto. Alikuwa anarusha tatu zaidi ya 13 kila mechi na mitupo huru kama 11. Yaani alichukua iso akaijaza zile shuti zenye thamani, afu wenzake wapiga tatu kawapanga nje, wawili kwenye kona, ukimuacha mmoja wao ukaenda kumsaidia mwenzako imekula kwako.

Na kwa Watanzania kuna jambo linaniuma kila nikilikumbuka: draft ya 2009 (siku timu za NBA zinachagua wachezaji wapya) Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa namba 2 na Memphis, Harden akafuata namba 3. Tulikuwa mbele yake kwa jina moja. Ligi ikaenda upande wa wale wanaodunda nje na kuvuta senta mbali na ringi, na senta mrefu asiyeweza kukimbia na gadi (mchezeshaji mdogo mwenye kasi) huko nje akawa ndo anayewindwa.

Mnyalukolo (Iringa)

Dada nakubali kwa hilo la kona, umenifungua. Ila sasa huyo Harden wako alishinda nini?

2018 Houston ya Harden walikuwa wameshinda mechi 65 za msimu, wanaongoza 3 kwa 2 dhidi ya Golden State, wanahitaji mechi moja tu. Mwenzake Chris Paul msuli wa paja ukamtoa. Game 7 wamerusha tatu 44 wameingiza 7, na katikati hapo wamekosa 27 mfululizo! Ishirini na saba! Mtu unakosa ya 10, ya 15, ya 20, bado unarudi kurusha ileile kwa sababu hesabu imesema ni 1.08. Wamefungwa 101 kwa 92 nyumbani kwao. Hapo ndo naposema kikapu kina moyo, mtu angepiga la mbili la katikati mara tatu nne presha ingeshuka.

Baridi ya Njombe (Njombe)

Kaka hiyo mechi naijua vizuri na nakuambia hivi, tazama zile 27 moja moja usitazame jumla. Nyingi zilikuwa wazi. Walitengeneza nafasi, hazikuingia. Kukosa shuti nzuri na kutengeneza shuti mbaya ni vitu viwili tofauti na mtu asiyetenganisha hivyo atabadilisha timu kila wiki. Kilichowaua kingine ni kwamba Paul alipotoka alibaki mmoja tu wa kuvunja beki, miguu ya Harden ikaisha. Shuti ya tatu inatoka miguuni, mtu aliyecheza iso dakika arobaini miguu yake imekufa. Hapo ndo mi naona hatari ya iso: mbebaji anachoka, na wale wanne wanakaa muda mrefu bila kugusa mpira, wakija kuupata mikono imeganda.

Mwalimu wa Tukuyu (Rungwe)

Vijana mnaongea vizuri, niongeze upande wa sheria maana bila sheria mtabishana mpaka asubuhi.

Iso ya miaka ya tisini na ya leo sio mchezo mmoja. Zamani NBA zoni (kukaba eneo badala ya mtu) ilikuwa imekatazwa, kila beki lazima abaki na mtu wake au aende kubana kabisa mwenye mpira. Kwa hiyo kocha anapeleka watu watatu upande mmoja wa uwanja, mabeki watatu wanalazimika kuwafuata huko, upande mwingine kabaki mtu mmoja na mmoja. Ilikuwa ni matumizi ya sheria tu. Msimu wa 2001/02 wakaifuta, zoni ikaruhusiwa, wakaweka sharti kwamba beki asikae kwenye eneo la rangi, lile la chini ya ringi, zaidi ya sekunde 3 kama hayuko karibu na mtu wa kumkaba. Ghafla msaada unaweza kuja kutoka popote, iso ya kupisha tu ikawa ngumu. Afu 2004/05 wakakaza sheria ya beki kumshika mwenye mpira kwa mkono huko nje, gadi wadogo wenye kasi wakapata nafuu. Kwa hiyo ukiwalinganisha wa zamani na wa sasa kwa asilimia peke yake unakosea.

Sasa hapa kwetu na kwenye BAL (ligi ya kikapu ya Afrika) tunacheza sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na FIBA haina hiyo sekunde 3 ya beki. Senta wako akiwa anakaba anaruhusiwa kukaa chini ya ringi mechi nzima. Mstari wa tatu uko mita 6.75, wa NBA ni 7.24 ukitoa kwenye kona, kwa hiyo hata wenzako wakijipanga nje kama Houston mabeki wao wako karibu zaidi na ringi, msaada unafika hatua moja mapema. Ndo maana kijana anaangalia NBA saa tisa na nusu usiku, jioni anakuja uwanjani anataka kufanya alichokiona na anagonga ukuta.

Niwape picha. Uwanja wa saruji, mwezi wa sita, mnaijua baridi ya Tukuyu, mpira mgumu kama jiwe na vidole havihisi kitu. Gadi wangu anashuka anatoa ishara wenzake wapishe. Wanapisha. Lakini wanapisha kwenda wapi? Mmoja kasimama hatua mbili tu kutoka kwake, mikono kiunoni. Mwingine yuko karibu na ringi kaja na beki wake, kwa hiyo pale chini sasa kuna mabeki wawili. Wa kona hayupo kona, yuko ndani ya mstari wa tatu, kwa hiyo hata akipewa ni shuti ya mbili na beki wake hana haja ya kumuogopa. Kijana anampita mtu wake vizuri kabisa, hatua ya kwanza safi, anakuta watu watatu wamemsubiri. Watazamaji wanamlaumu yeye. Mi nawalaumu wale wanne, maana iso ile iliharibika kabla hajadunda hata mara moja.

Kijana wa Makambako

San Antonio 2014 jamani mbona hamuwataji, fainali dhidi ya Miami waliingiza asilimia 52.8 ya shuti zote, rekodi ya fainali, 4 kwa 1, mpira haukai mkononi, pasi pasi pasi. Mjadala ufungwe.

Mnyalukolo (Iringa)

Haufungwi mdogo wangu. Ile ni timu moja iliyokaa pamoja miaka mingi, wangapi wameweza kuiga?

Mi nawaletea tatu. 2016 game 7, Cleveland na Golden State 89 kwa 89, Kyrie Irving wa Cleveland yuko na Curry mbele yake, anadunda, anasogea kulia, anarusha la tatu, zimebaki sekunde 53. Bingwa. 2024 fainali ya Magharibi game 2, Luka Dončić kamkuta Gobert, mlinzi bora wa mwaka, kamrudisha nyuma karusha la tatu zimebaki sekunde 3, Dallas 109 kwa 108. 2025 fainali game 4, Oklahoma City wanakaribia kuwa chini 3 kwa 1, Shai Gilgeous-Alexander anafunga pointi 15 dakika chini ya tano za mwisho, kamaliza na 35 na hana asisti hata moja mechi nzima. Hata moja! Na wakabeba kombe mbele ya Indiana ambao ndo walikuwa wanakimbia na kupasiana. Sasa niambieni kombe linabebwaje.

Mwana Soweto (Mbeya)

Kaka hizo tatu zote nimeziona, na zote zinasema ninachosema mimi, twende moja moja.

Ya Kyrie. Watu wanakumbuka shuti, hawakumbuki kilichotangulia. Kwanza zile dakika za mwisho kuanzia 4 na ushee hakuna timu iliyofunga, 89 kwa 89 imekaa palepale, kila mpango umekaliwa kwa sababu baada ya mechi sita wanajuana mpaka majina ya pleyi. Pili Kyrie hakuanza na Curry. Mtu wake alikuwa mwingine, J.R. Smith akaja kumuwekea skrini (kumzibia beki wake njia kwa mwili), Curry aliyekuwa anamkaba Smith akalazimika kubadilishana, ndo Kyrie akabaki na beki aliyemtaka. Afu wengine wakatawanyika, hakuna wa kuja kusaidia bila kumuacha mtu wazi. Ile iso imejengwa na watu watano.

Ya Luka ni hivyohivyo, Gobert hakujipeleka kule nje mwenyewe, alivutwa na skrini. Gobert akiwa chini ya ringi ni mlinzi hatari, ukimtoa huko nje mita saba umemchukua kwenye kitu anachokijua. Alichosema dada yetu wa Njombe kuhusu Thabeet ndo hichohicho.

Na huyohuyo Luka mwezi uliofuata fainali na Boston kapigwa 4 kwa 1. Kwa nini? Boston mabeki wao watano wote wanaweza kumkaba mtu yeyote, wakiswichi (wakibadilishana watu wa kukaba) hapatikani wa kuwindwa. Ukiitegemea iso ukakutana na timu isiyo na beki dhaifu umekwama, hapo ndo unatamani ungekuwa na mpango wa pili.

Shai nakupa, ile ya game 4 ilikuwa ni uwezo wa mtu. Ila angalia anarusha wapi. Anaingia ndani, anasimama ghafla, beki anampitia, ama anarusha karibu ama anaenda kwenye mitupo huru. Ni mara chache kurusha la mbili la mbali akiwa ameegemea nyuma wakati sekunde 19 bado zipo kwenye saa. Msimu ule alikuwa na wastani wa 32.7 na akachukua MVP (mchezaji bora wa msimu) kwa shuti za aina hiyo.

Playoff (mechi za mtoano) iso zinaongezeka, hilo kila mtu analiona. Difensi zinaswichi, mipango inasomwa, unabaki na swali moja, nani kwenu anaweza kumpita mtu. Timu isiyo na mtu huyo inatoka. Lakini msimu mzima ukicheza hivyo kuanzia kota ya kwanza unafika huko miguu imeisha, alivyosema dada.

Mnyalukolo (Iringa)

Sawa nimekuelewa, ila sikubali yote. Kuna wachezaji wachache ambao hata zikiwa zimebaki sekunde 19 la mbili la katikati kwao ni shuti nzuri. Kevin Durant msimu wa 2022/23 kamaliza zaidi ya asilimia 50 ya shuti zote, 40 ya tatu, 90 ya mitupo huru, na shuti zake nyingi ndo hizohizo mnazozikataa. Anaingiza zaidi ya nusu, kwa hesabu yako hiyo ni zaidi ya pointi 1 na beki kafanya kila kitu sawasawa. Mtu wa hivyo humwambii zungusha.

Mwana Soweto (Mbeya)

Durant simwambii. Ila wako wangapi? Huku mtaani kila mtu anajiona Durant.

Kijana wa Makambako

Mi ni pointi gadi wa shule, tuna maandalizi ya UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) na kocha kanipa ruhusa ya kucheza mtu mmoja mmoja kwa sababu nina kasi. Kwa hiyo nifanyeje, niache?

Mwalimu wa Tukuyu (Rungwe)

Usiache mwanangu, kasi ni kitu adimu. Kabla hujadunda mara ya kwanza angalia kona zote mbili, kama hakuna mtu nje ya mstari, piga kelele aende, subiri afike. Senta wenu asisimame chini ya ringi upande unaoingilia, mpeleke upande wa pili au juu kwenye mstari wa mitupo huru ili beki wake atoke pale. Omba skrini moja uchague beki mzito. Ukimpita, hatua yako ya pili macho yasiwe kwenye ringi, yawe kwa beki wa pili, akija kwako kona iko wazi, asipokuja malizia mwenyewe. Na kama saa ya uwanjani kwenu haipo, mwambie mtu wa benchi ahesabu kwa sauti kuanzia 10 kushuka.

Baridi ya Njombe (Njombe)

Na mtafute mtu mmoja wa benchi mwenye daftari aandike kila shambulio liliishaje na lilitoa pointi ngapi, pamoja na zile pasi za kona zilizotokana na wewe kumpita mtu, zihesabiwe kwako. Mechi mbili tatu za kirafiki zinatosha kuanza kuona. Mkifika tupe hizo namba hapahapa, Mnyalukolo akazione.

Mnyalukolo (Iringa)

Lete dogo. Nazisubiri.